Kuni za Nyumba ya Mungu

Bolingo, Mibeko, Misala.

Somo letu linatoka katika kitabu cha Nehemia, sura ya 10, mstari wa 34. Chukueni Biblia na msome wenyewe nyumbani, maana mstari huu husomwa mara chache. Watu wamerudi kutoka utumwani Babeli, ukuta wa Yerusalemu umekwisha kujengwa, nao wanaandika agano. Katika agano hilo, pamoja na mambo makubwa ya sabato na ya ndoa na ya zaka, wanaweka habari ya kuni. Makuhani, Walawi na watu wote wanapiga kura ili kujua ni jamaa gani italeta kuni katika nyumba ya Mungu, na kwa wakati gani wa mwaka. Tena mkienda mpaka mwisho wa kitabu, sura ya 13 mstari wa 31, Nehemia anapomwomba Mungu amkumbuke, kuni zimo tena.

Sisi mashemasi tulipita juu ya mstari huu miaka mingi bila kusimama. Tulidhani ni neno dogo. Leo tunaandika kwa sababu mwaka 2023 neno hilo dogo lilitupiga, nasi hatukuwaambia ukweli wote wakati ule.

Mnakumbuka sikukuu ya tarehe 6 Aprili 2023. Ulikuwa mwaka wa kwanza ambao serikali yetu iliiweka siku hiyo kuwa sikukuu ya nchi nzima, kwa kukumbuka mapigano ya Papa Simon Kimbangu, aliyeanza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Kila mtu alitaka kuja. Wageni walitoka Lubunga kwa kuvuka mto, walitoka upande wa Yangambi na upande wa Bafwasende, wengine na watoto mgongoni. Wamama wa jikoni walituambia mapema: kwa siku tatu za kula, wali, sombe, lituma na maharagwe, tutahitaji kuni steri kumi. (Asiyejua maharagwe aulize wamama. Maharagwe yanakula kuni kuliko watu wanavyokula maharagwe.)

Steri ni fungu la kuni lenye meta moja urefu, meta moja upana, na meta moja kwenda juu. Steri moja ya mti mgumu ambao bado ni mbichi inakaribia kilo 700. Basi steri kumi ni tani saba. Hesabu hii tunaiandika hapa leo. Wakati ule hakuna shemasi hata mmoja aliyeifanya.

Kuni tulizipata kwa bei nzuri katika shamba jipya kwenye barabara ya zamani ya Buta, ng'ambo ya mto Tshopo, kati ya kilomita 15 na 20 kutoka mjini. Mwenye shamba alikuwa amekata msitu ili apande muhogo na mpunga, na miti ilikuwa imelala chini. Mingi ilikuwa limbali, mti mzito, wenye moto mzuri. Si kombokombo ule unaowaka kama karatasi na kuisha kabla maji hayajachemka. Franga za nsinsani zilitosha kulipa kuni, na zilitosha kulipa nusu ya kamio. Mwenye kamio alipokea nusu ile. Siku ya kubeba ilipofika, kamio haikuja. Siku ya pili haikuja. Siku ya tatu tukaambiwa imeharibika, nayo iko mbali.

Ilibaki siku tano mbele ya sikukuu. Mvua za Machi zilikuwa zimekwisha kuanza.

Hapo ndipo sisi mashemasi tulikaa tukashauriana, na tunataka mjue tulivyoshauriana. Shemasi mmoja alisema tugawe kuni kwa nyumba za waamini, kila jamaa itafute njia ya kubeba sehemu yake, kwa kinga, kwa pusupusu au kwa kichwa. Tukamcheka kidogo. Tulisema: je, wageni watatuonaje, parokia nzima inabeba kuni barabarani kama wakimbizi? Ndugu mmoja mwenye roho nzuri alikuwa na motokari ndogo aina ya Toyota, yenye sanduku wazi nyuma. Alitupatia bure pamoja na shofere. Tukashukuru Mungu, tukapiga magoti, tukaomba. Kisha tukaamua kwamba kwa kuwa mafuta ni ya bei kali, safari zisizidi tatu au nne.

Wapendwa, motokari ile imetengenezwa ibebe tani moja. Kwa safari ya kwanza tuliipakia steri tatu. Ni zaidi ya tani mbili. Na juu ya kuni tuliwapandisha vijana wanne wa fanfare, ili wasaidie kushusha.

Shofere alitazama magurudumu akasema yamekuwa bapa. Tulimwambia: ni kazi ya Mungu, itafika.

Kandokando ya barabara, mahali pale, huketi Koko mmoja anayeuza kuni. Si mwamini wa kanisa letu. Miaka mingi amebeba kuni kwa kichwa na kwa kamba ya paji la uso, amelisha watoto na wajukuu kwa kazi hiyo. Siku chache nyuma tulikuwa tumebishana naye juu ya bei, na hatukununua kwake. Alipotuona tunafunga mzigo, alisimama akaja mpaka karibu, akashika kamba kwa mkono, akasema mbele ya watu wote: mzigo huu hautafika. Tukamwambia atuache. Akarudi akaketi.

Mnajua barabara ile inavyoteremka kuelekea daraja la Tshopo. Udongo ulikuwa umelowa. Shofere alikanyaga breki, motokari ikapunguza mwendo, lakini kuni hazikupunguza. Kamba ilikatika. Gogo moja lilisukuma lingine, na vijana wakaruka. Watatu walianguka kwenye majani. Wa nne alianguka barabarani, na gogo la limbali likapita juu ya mkono wake wa kuume.

Tunamshukuru Mungu kwa kuwa yu hai. Mkono uliwekwa plasta. Siku ya sikukuu mlimwona amesimama pembeni ya fanfare na nguo zake za kijani na nyeupe, mkono umefungwa shingoni, huku wenzake wakipiga. Alikuwa mpiga tarumbeta wetu wa kwanza. Plasta ilipotoka, vidole viwili havikukunjika tena, na tarumbeta inataka vidole vya mkono wa kuume. Sasa anapiga ngoma kubwa.

Kuni zilifika, ndiyo. Ziliokotwa barabarani na watu wa toleka waliokuwa wanapita, tukawalipa, na nyingine zikabebwa na wamama wetu kwa kichwa usiku kucha. Wageni walikula. Wengi walisifu chakula. Hakuna mgeni aliyejua.

Lakini habari haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo sisi mashemasi tunaikiri.

Jumapili iliyofuata neno lilianza kupita kati ya waamini: Koko yule alilaani mzigo. Alikuwa na hasira kwa sababu hatukununua kuni zake. Alishika kamba, na kamba ndiyo iliyokatika. Basi ni ndoki. Maneno yalitoka kwenye viti vya nyuma yakafika viti vya mbele, yakatoka kanisani yakafika barabarani. Watoto wakaanza kumtupia maneno. Wanunuzi wakaanza kumkwepa. Mtu mmoja alipiga teke fungu lake la kuni.

Nasi tulinyamaza. Majuma matatu tulinyamaza. Hatukusema kwamba ni ndoki, hapana. Lakini mtu alipotuuliza, tulisema, Mungu peke yake anajua. Kumbe sisi pia tulijua. Tulijua tulipakia tani mbili juu ya motokari ya tani moja. Tulijua kamba ilikuwa nailoni ya zamani, imekwisha kulika na jua. Tulipenda lawama iwe juu ya mwanamke mzee asiyekuwa na mtu wa kumsemea, kuliko iwe juu ya kamati ya mashemasi.

Wapendwa, Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi mwaka 1921, aliwaambia watu nini? Waache nkisi, waache hirizi, wamwamini Mungu. Watu walitupa sanamu zao njiani. Sasa mwamini wa leo, anayevua viatu mbele ya kusali, anayefunika kichwa, asiyekunywa pombe, akisema kwamba kamba imekatika kwa sababu mwanamke mzee aliigusa, amezirudisha zile nkisi nyumbani mwake. Na shemasi anayesikia hayo na kunyamaza amemfungulia mlango.

Koko hakulaani. Alishika kamba kwa sababu anajua kamba. Alisema mzigo hautafika kwa sababu anajua mzigo. Mungu alituma onyo kwa kinywa cha mtu mwenye ujuzi, nasi tulitegemea onyo lije kwa ndoto.

Mhubiri, sura ya 10 mstari wa 9, anasema wazi kwamba mpasua kuni yuko katika hatari ya kazi yake. Hamtaji mchawi pale. Anataja kuni. Na mstari unaofuata unasema habari ya chuma kisichonolewa, kwamba hekima inasaidia. Maombi hayanoi shoka, ndugu. Tunaomba, kisha tunanoa.

Tena fikirini juu ya Mwanzo 22. Abrahamu alichukua kuni za sadaka akamwekea Isaka mwanawe, na yeye mwenyewe akachukua moto na kisu. Siku nyingi tulihubiri juu ya imani ya Abrahamu. Tangu mwaka 2023 tunasoma mstari wa 6 kwa woga. Abrahamu aliamriwa na Mungu, na Mungu mwenyewe akamzuia. Sisi nani alituamuru kuwapandisha watoto wa watu juu ya kuni? Hakuna. Ilikuwa ni kuokoa mafuta na kuokoa heshima.

Mababu wa mto huu waliijua kuni kuliko sisi. Wakati wa Leopold na wa Wabelgiji waliomfuata, meli za moshi zilizopanda mpaka Stanleyville zilikula kuni mchana na usiku. Kandokando ya mto kulikuwa na vituo vya kuni, na watu wa vijiji walilazimishwa kukata na kupanga, meli ipite ichukue. Reli ya kutoka ng'ambo, Lubunga, mpaka Ponthierville ambayo leo ni Ubundu, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906 kwa jasho la namna hiyo. Wenye amri hawakubeba. Waliobeba hawakuulizwa. Na watangulizi wa imani yetu walipofukuzwa kutoka Bas-Congo, wengine walifikishwa mpaka Lowa, upande wa juu wa mto kupita Ubundu, wakafanya kazi ya kulazimishwa. Watu hao hawakuteseka ili katika kanisa lao pawe tena na wenye kuamuru na wenye kubeba.

Sasa tazameni Nkamba. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, lilijengwa na waamini waliobeba mawe na mchanga kwa kichwa. Walikuja wakulima, walikuja na watu wa ofisi, mama na mtoto, kila mtu na jiwe lake. Hawakungoja kamio. Hiyo ndiyo aibu tuliyoiogopa sisi, kuonekana barabarani na mzigo kichwani! Kile tulichokiita aibu, baba zetu walikiita Misala.

Basi tulifanya nini? Jumapili ya nne baada ya sikukuu, mashemasi wote tulisimama mbele ya waamini tukasema hesabu ya tani. Wengine walikasirika. Baba wa kijana alitoka nje, na hatukumzuia, alikuwa na haki. Kamati ililipa matibabu yaliyobaki, lakini vidole hatukuweza kuvilipa. Halafu tulienda kwa Koko, watu saba, na chumvi na sabuni na kitambaa. Tulimpigia magoti. Alitutazama muda mrefu. Hakusema amesamehe. Alisema: kamba yenu ilikuwa mbovu, na kuni zenu zilikuwa mbichi, kwa nini mlibeba maji?

Neno hilo lilitufundisha zaidi ya semina nyingi. Mti uliokatwa leo umejaa maji, na katika mti mbichi maji yanaweza kufika nusu ya uzito. Ukiupasua na kuupanga juu ya magogo mawili usiguse udongo, ukaufunika juu peke yake na kuacha upepo upite ubavuni, baada ya miezi miwili au mitatu unabeba kuni bila kubeba mto. Tena kuni kavu hazijazi jiko moshi, na macho ya wamama yanapona. Sisi tulikata Machi na kubeba Machi.

Mwaka 2024 tukafuata Nehemia. Mwezi wa Desemba kabla yake, baada ya ibada, tulipiga kura. Majina ya mashemasi na wachungaji yaliwekwa katika kofia kwanza, kabla ya majina ya jamaa nyingine, maana Nehemia anaanza na makuhani. Kila jamaa ilipewa juma lake, kuanzia Januari, wakati mvua ni chache. Kijana mwenye nguvu anaweza kusukuma kinga yenye kilo 100 mpaka 150, lakini tuliweka mpaka: kilo 80 kwa kinga, na hakuna mtoto wa shule anayebeba siku ya shule. Mjane na mgonjwa hawabebi, jamaa ya jirani inabeba sehemu yao bila kuitangaza. Watu wa toleka tunaowakodi tunawalipa siku ileile, si baada ya sikukuu.

Haikuwa nzuri yote. Jamaa mbili hazikuleta kitu. Moja ilileta kombokombo tupu, ikasema kuni ni kuni. Shemasi mmoja, na yeye ni mmoja wetu, alimlipa mtu abebe kwa niaba yake, akaja na suti. Watu walicheka mpaka akavua koti. Lakini ilipofika Aprili, chini ya paa la mabati nyuma ya kanisa palikuwa na steri tisa na nusu za kuni kavu, na hatukuita motokari hata moja. Nusu steri iliyokosekana tulinunua kwa Koko, kwa bei yake.

Kijana wetu alisukuma kinga pia. Tulimwambia hana lazima. Alisema jina la jamaa yake limetoka katika kura kama majina mengine, akafunga mzigo kwa mkono wa kushoto na meno.

Tunajua kwamba bado wako kati yetu wanaonong'ona juu ya Koko. Tunawaandikia ninyi hasa. Mkiwa na neno juu yake, lileteni kwa mashemasi mbele ya watu, nasi tutaleta kipande cha kamba ile. Tumekiweka katika ofisi ya parokia, juu ya kabati, na kila mtu anaweza kukitazama pale kilipokatika.

Kura ya kuni za sikukuu ijayo itapigwa Jumapili ya kwanza ya Desemba, baada ya ibada. Kila jamaa itume mtu mmoja mzima. Wenye kinga waje na kamba zao siku hiyohiyo. Koko amekubali kuja kuziangalia, na atakayoikataa ataikata mwenyewe kwa kisu.